Sisimizi Kwenye Maua ya Mwalimu

Inspekta Natalia Sulle hakuwa mtu wa maua. Nyumbani kwake yalikuwepo ya plastiki tu, aliyoachiwa na mpangaji aliyehama, na hata hayo aliyapangusa vumbi pale alipotarajia wageni. Lakini asubuhi ile, baridi ya Mbulu ikiwa bado haijaachia, alisimama sebuleni kwa Mwalimu Felician Hhando akiyakodolea macho maua yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta.

"Umeona mwenyewe," alisema Mwalimu kutoka kitini. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na bado alizungumza na watu kama vile wako mstarini. "Picha aliyochora marehemu mke wangu ina maua ya manjano. Manjano, Inspekta! Rangi ya chai ya maziwa. Hii ina nyeupe, ina zambarau, ina sijui nini. Si yenyewe."

Kwa ajili ya picha hiyo Tito, fundi wa fremu, alikuwa mahabusu. Alikamatwa siku ya soko, mbele ya wateja wake, Mwalimu akimnyooshea fimbo na kumwita mwizi kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. Jalada lilikuwa tayari. Asipotoka leo, kesho asubuhi angepelekwa mahakamani, na Mbulu si mji mkubwa kiasi hicho. Fundi aliyeitwa mwizi hata akiachiwa, hakuna atakayempa tena kitu chake akitengeneze.

Mkuu wa kituo aliiona kesi nyepesi. Picha ilitoka nyumbani nzima, ikaenda kwa fundi kubadilishwa fremu iliyoliwa na mchwa, ikarudi nyingine. Natalia naye asingekuwa na neno, ila jambo moja lilimkera tangu jana. Ni mwizi gani anayeiba picha iliyofifia, halafu anakurudishia inayong'aa?

"Mwalimu, samahani nikuulize. Ulikuwa hospitali kwa ajili ya macho?"

"Mtoto wa jicho. Nimetolewa." Mwalimu aliinua kidole. "Najua unapoelekea. Unataka kusema macho mapya yananionyesha rangi mpya. Mkuu wako ameshaniuliza, nikamwambia aende akamuulize Paskalina."

Paskalina alikuwa mke wa mwanawe, binti wa wafugaji wa Balangdalalu kule Hanang. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Kwa heshima ya mkwe hakuwa na mazoea ya kuingia sebuleni Mwalimu akiwepo, kwa hiyo Natalia ndiye aliyemfuata pale pale.

"Dada, wewe picha unaionaje?"

"Imebadilika kweli, afande," alisema Paskalina kwa sauti ndogo. "Zamani ilikuwa ya kahawia. Ninayo hata kwenye simu, tuliwapiga watoto picha Krismasi."

Akaitafuta, akampa. Watoto walikuwa wamejipanga na nguo mpya, na juu ya vichwa vyao picha ilionekana vizuri: maua ya rangi ya chai, kama alivyosema Mwalimu. Basi macho ya Mwalimu hayakuwa na kosa, na Natalia akalifuta wazo hilo kichwani bila kinyongo. Lakini simu hakuirudisha.

"Naomba nifunge pazia, Mwalimu."

Chumba kilipoingia giza aliwasha tochi ya simu yake, akaiweka sawasawa na ukuta ili mwanga uipige picha kutoka ubavuni. Hapo ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza. Nyuma ya maua rangi ilipakwa nyepesi mno, nyuzi za kitambaa zikabaki zinahesabika. Lakini petali zilikuwa zimejazwa rangi nzito, zimeinuka, zina matuta na mifereji mahali brashi ilipopita, na kila tuta lilitupa kivuli chake kidogo. Maua yalikuwa yungiyungi, yamewekwa ndani ya kibuyu cha maziwa. Tumbo la kibuyu lilikuwa laini, limesawazishwa kwa subira.

Na ule weupe haukuwa mweupe tu. Kwenye mikunjo ya petali ulikuwa na samawati, kooni mwa ua ukaingia ukijani, na pale mwanga wa dirisha la mchoraji ulipoangukia, rangi ilikuwa imebandikwa kwa kisu, nene na safi. Natalia alijikuta amesogea mpaka pumzi yake inagusa picha. Alipenda alichokiona, na akashangaa kwamba amekipenda.

"Alikuwa hapaki," alisema Mwalimu ghafla kutoka gizani. "Mke wangu Letisia alikuwa anaijenga rangi. Nilimwambia unamaliza rangi bure, akasema ua lina mwili, haliwezi kulala bapa."

"Na huyu aliyechora hii, kaijenga au kaipaka?"

Natalia akainua simu ya Paskalina, akaikuza picha ya Krismasi hadi kibuyu kikajaa kioo. Katikati ya kibuyu palikuwa na ufa wa rangi iliyokauka, unashuka na kugawanyika mara mbili. Akauangazia ukuta. Ufa ulikuwepo, unashuka vile vile, unagawanyika vile vile. Chini yake, kwenye petali ya mwisho, palikuwa na donge la rangi. Kwenye simu nalo lilikuwepo.

"Mwalimu, njoo utazame. Mtu anaweza kuiga ua. Ufa ataiga wa nini?"

Mzee aliinuka, akatazama simu, akatazama picha, akarudia. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Basi kaipaka rangi juu yake! Kaiharibu, ndiyo maana hasemi."

"Angepaka juu, rangi mpya ingeziba ufa. Huu uko wazi, hata ukucha unaingia."

Alifungua pazia. Ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye ufa wa sakafu, mstari mwembamba, wakapanda ukuta, wakavuka fremu mpya ya Tito na kutawanyika juu ya yungiyungi na kibuyu bila haraka yoyote.

"Hao ndio wananitesa tangu nirudi," Mwalimu alisema. "Nawafagia, wanarudi. Jirani anasema maua yamechorwa vizuri mpaka wadudu wanadanganyika."

"Sisimizi hadanganyiki kwa rangi, Mwalimu. Hapo kuna chakula."

Alichana kipande cha gazeti lililokuwa mezani, akakibandika juu ya tumbo la kibuyu na kukikandamiza kwa kiganja. Alipokitoa na kukiinua dirishani, karatasi ilikuwa na doa linalopitisha mwanga. Akakinusa. Harufu ilikuwa hafifu, lakini mtu aliyekulia Mbulu haikosei.

"Samli," alisema.

"Samli?" Mwalimu alikuwa kama ametukanwa. "Nani apake samli picha ya mke wangu?"

"Hilo tutalifikia. Nipe kwanza bisibisi."

Mwalimu alisita. Kumwachia polisi afungue fremu ya picha ile kulimwuma waziwazi, lakini bisibisi akaileta mwenyewe, akaishika picha kwa mikono yote miwili wakati Natalia anafungua. Fremu ilipotoka waliilaza picha mezani. Ukingoni, pande zote nne, palikuwa na mistari miwili, na kila mmoja una rangi yake.

Natalia aliifuata kwa kidole pande zote nne. Alikuwa anahakikisha anaielewa mwenyewe kwanza.

"Angalia hapa mwishoni kabisa, Mwalimu. Mstari mwembamba, mweupe. Huu ulikuwa umefunikwa na fremu ya zamani tangu siku ya kwanza. Haujawahi kuona hewa ya chumba hiki. Unaofuata ni wa kahawia, ndiyo ile rangi yako ya chai. Huu zamani ulikuwa wazi, lakini Tito ameweka fremu yenye ubao mpana, ukafunikwa. Halafu ndani, picha yote iliyobaki, ni nyeupe tena. Sasa linganisha weupe wa pembeni na weupe wa kati."

Mwalimu aliinama.

"Ni mmoja," alisema.

"Ni mmoja. Hiyo kahawia si rangi, ni moshi." Alionyesha jiko la mkaa lililokuwa kwenye kona, chini ya mahali picha iliponing'inia. "Unaliingiza humu kila msimu wa baridi?"

"Kila mwaka. Tangu tuhamie."

"Basi mtu kafuta moshi kwa samli, na kafuta baada ya Tito kumaliza kazi yake, maana pale fremu yake ilipofunika hapakuguswa. Tito anasema aliirudisha imefungwa kwenye gunia. Wewe uliikutaje?"

"Imeegemezwa ukutani. Gunia limekunjwa pembeni."

Natalia akageukia mlango. "Dada Paskalina, nani alifungua gunia?"

"Sijui, afande. Tito alinikabidhi limefungwa kamba, nikaliweka hapo. Mimi siwezi kufungua vitu vya baba. Nikaenda shamba kuvuna maharage. Sikuingia tena humu mpaka baba aliporudi, nikadhani amefungua mwenyewe."

"Mimi nimekuta limefunguliwa!" Mwalimu akasema.

"Na nyumbani ulimwacha nani, dada?"

"Hakuna mtu, afande. Mama tu, alikuja kunitembelea. Ameshaondoka."

Alilisema bila kuficha kitu, na hapo Natalia karibu acheke. Mkuu wa kituo alikuwa amehoji majirani, mafundi wenzake Tito, hata dereva wa bodaboda aliyebeba gunia. Bibi aliyekuwa ndani ya nyumba hakuna aliyemhesabu kuwa mtu, kwa sababu alikuwa bibi.

Gari la polisi liliteremka kuelekea Hanang likiwa na watu watatu nyuma ya dereva. Picha ilikuwa imezungushiwa blanketi na Mwalimu aliipakata, kwani alikataa katakata kuiacha mikononi mwa serikali. Paskalina alikaa mwisho wa kiti akitazama nje. Alikuwa na hofu, na Natalia aliiona. Binti aliyeolewa hapendi kumpelekea mama yake polisi, hasa polisi aliyefuatana na mkwe.

"Samli," Mwalimu alirudia kila walipopita tuta. "Kitu cha Letisia kinapakwa samli kama mkanda wa ngozi."

"Ukiwa na hasira, Mwalimu, ubaki garini. Nahitaji maelezo, sihitaji ugomvi wa wakwe."

Na kweli walipofika Balangdalalu alibaki garini. Boma la mama yake Paskalina lilikuwa uwandani, mlima Hanang ukiwa umesimama nyuma yake wote bila wingu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba, bangili za shaba zimejaa mikono yote miwili, anasugua kibuyu kwa kipande cha ngozi. Natalia aliitazama ile ngozi kabla hajamtazama mwenyewe, kisha akajirudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi alijibu kwa Kiswahili, halafu akaendelea kwa Kidatoga, na Paskalina akawa anatafsiri. "Anauliza, huko nyumbani nani amekufa, mbona umekuja na polisi."

"Mwambie hakuna aliyekufa. Nauliza tu juu ya lile gunia uliloliacha nyumbani ulipokwenda shamba. Alilifungua yeye?"

Bibi hakusubiri tafsiri ifike mwisho. "Nilifungua," alisema mwenyewe. Kisha yakaja maneno mengi kwa lugha yake, mikono ikisaidia, na Paskalina akashika mdomo kabla hajayapitisha.

"Anasema alifungua aone fundi ameleta nini. Akakuta kibuyu. Kibuyu kimekauka, kina ufa mpaka chini. Akajua ni cha mama wa nyumba ile, aliyefariki, maana nyumba ile haina mwanamke mwingine wa kuwa na kibuyu kikongwe hivyo. Akaona aibu. Kibuyu cha marehemu kinapasuka ukutani, na ndani ya nyumba samli ipo. Anasema, ungekuwa wewe ungeondokaje?"

"Lakini mama," Natalia alisema polepole, "kile ni picha. Si kibuyu."

Bibi alicheka, meno machache yote yakaonekana. Safari hii alijibu kwa Kiswahili chake. "Picha najua. Mimi kipofu? Lakini kilikauka au hakikukauka?"

Natalia akaandika: kilikauka.

Bibi akaeleza mengine taratibu. Alianza kwenye kibuyu peke yake, kwa samli kidogo na ngozi laini ya mbuzi, kama anavyofanya kwa vibuyu vyake tangu alipokuwa msichana. Ngozi ikatoka nyeusi. Pembeni ya kibuyu, pale alipopitiliza, ua likawa jeupe. Akashangaa. Akalifuta lote. Halafu la pili, halafu hakuona sababu ya kuacha mengine machafu. Alipomaliza aliegemeza picha ukutani ili mwenye nyumba akirudi aikute vizuri. Kesho yake alipata usafiri wa kurudi kwake, wala hakuona kwamba ni jambo la kutangaza. Kazi ya usafi haitangazwi.

Akampa Inspekta ngozi yenyewe. Upande mmoja ulikuwa na masizi ya kahawia yaliyoingia ndani, na harufu ya samli ilikuwa ile ile ya gazetini. Natalia akaiweka kwenye mfuko wa vielelezo, akajua kwamba kesi ya Tito imekwisha.

"Na mkwe wangu," bibi aliuliza, akiinua kidevu kuelekea gari, "mbona haji kunywa maziwa? Amekasirika?"

Mwalimu alikuwa amesikia. Kioo cha gari kilikuwa wazi muda wote. Alishuka, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuiacha picha, alishuka nayo. Blanketi liliteleza. Jua la uwanda, ambalo halina cha kulizuia, liliipiga picha kutoka ubavuni, na matuta ya petali yakasimama moja moja. Zambarau ya kitambaa chini ya kibuyu ikaonekana ina wekundu ndani yake, na mabua yalikuwa ya kijani kibichi, yamekatwa upya.

Mwalimu aliitazama. Mwanzo uso wake ulikuwa wa mtu anayekagua, kisha ukalegea.

"Yalikuwa meupe," alisema.

Akaisogeza picha juani zaidi.

"Aliyatoa mtoni asubuhi, yana umande. Akayatia kwenye kibuyu tulichopewa siku ya harusi, nikamgombeza, nikamwambia jioni tutakamulia wapi. Akasema jioni ni mbali." Alipitisha kidole juu ya petali bila kuigusa. "Kitambaa hiki ni cha kwake cha kichwani. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Inspekta, nimekaa chini ya picha hii miaka yote nikijidai nazikumbuka rangi zake. Nilikuwa naukumbuka moshi."

Akalia, mzima mzima, fimbo imeanguka chini, na Natalia alimwonea huruma kuliko alivyotarajia kumwonea mlalamikaji. Bibi alisukuma kigoda karibu na mkwe wake, akageuza uso pembeni kama heshima inavyotaka, na kumwambia Paskalina alete maziwa.

Walirudi Mbulu alasiri. Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya bibi mara mbili, akaangalia ngozi, akaguna, akasaini. Natalia alienda mwenyewe kumfungulia Tito. Mwalimu alimfuata hadi kaunta, na hakuna aliyemkaribisha kiti.

Tito alitoka akiwa ameshika suruali kwa mkono, kwa sababu mkanda walikuwa wamemnyang'anya pamoja na kamba za viatu. Alikuwa kijana mtaratibu wa miaka kama thelathini, na siku za mahabusu zilikuwa zimemkausha midomo.

"Picha imepatikana?" aliuliza, akimtazama Inspekta.

"Haikupotea," alijibu Mwalimu. Alivua kofia. "Ni mimi sikuijua. Nimekukosea, Tito. Naomba unisamehe."

Tito aliinama, akaanza kupitisha kamba kwenye viatu, tundu kwa tundu. Hakuharakisha. Alipomaliza kiatu cha pili alivaa mkanda, akanyooka.

"Nimekusamehe, Mwalimu. Lakini mwizi uliniita sokoni. Hapa tuko watatu."

Natalia aliacha kuandika. Mzee wa umri ule hakuwa amezoea kuambiwa hivyo, tena na mtu aliyekuwa mwanafunzi wake, na Inspekta alijiandaa kuingilia kati. Mwalimu aliizungusha kofia mikononi. Kisha akaiweka kichwani na kuelekea mlangoni.

"Soko halijafungwa," alisema. "Tangulia wewe. Mimi nitakuja nyuma yako."

Tito akatangulia. Natalia aliwafuata kwa mbali, hakuwa na kazi nao tena lakini miguu ilikataa kubaki. Walipita vibanda vya mbao, wakapita mitumba, hadi pale pale alipoitwa mwizi, pembeni ya wauza vitunguu. Watu walimwona Tito, wakaanza kusogea. Mwalimu Felician Hhando akasimama mbele yao, akavua tena kofia, na akaanza kwa kutaja jina lake mwenyewe.